Mkanda Uliobeba Pazia

Mama Pacha alibanwa ukutani na lori la maji, miguu yote miwili, na tangu atoke hospitali duka lake la kushona halikupoteza hata mteja mmoja. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

"Mtu ambaye kipato chake hakijapungua hawezi kulipwa kipato kilichopotea," alisema Meneja wa Madai. "Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

Aliyekuwa anaambiwa hayo alikaa upande wa pili wa meza. Alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima, mwanamume wa miaka hamsini na ushei ambaye ofisi nzima ilimwita Futi. Zamani alikuwa askari wa usalama barabarani, na jina alilipata huko, kwa sababu ajali yoyote aliyoitiwa alifika na futi yake ya chuma mkononi akaanza kupima kabla hajasalimia watu. Alipoacha uaskari, kampuni ikamchukua yeye na futi yake.

"Daktari kasemaje?" aliuliza.

Meneja alikuwa mama mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Alifungua faili. "Kifundo cha mguu wa kulia kimeungana, hakikunji. Goti la kushoto linakunja kidogo sana. Anatembea kwa magongo. Hataweza kukanyaga pedeli ya cherehani maisha yake yote."

"Na cherehani ya umeme?"

"Nayo inakanyagwa kwa mguu, Futi. Wewe umewahi kuingia kwa fundi kweli?"

"Nanunua zilizokwisha kushonwa."

"Inaonekana."

Futi alijitazama suruali, akavuta kiti mbele. Meneja akamgeuzia simu yake. Ilikuwa picha ya video iliyochukuliwa na mtu wa wakili wa kampuni. Kulikuwa na duka dogo, kaunta, na nyuma ya kaunta pazia la bluu. Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia tena, na kwa mbali sauti ya mwanamke kama anaongea na simu. Kisha pazia likasogea, Mama Pacha akatoka na magongo yake, gauni la shule limening'inia begani, nyuzi bado hazijakatwa. "Nimelimaliza sasa hivi, dada," alisema kwenye video. "Hata sindano haijapoa."

"Umesikia?" Meneja alizima simu. "Lori ni la mteja wetu, dereva amekiri kosa, kwa hiyo kulipa tutalipa. Matibabu, sawa. Maumivu na mateso, sawa. Lakini fungu kubwa ni kipato cha miaka iliyobaki, na wakili wetu anasema tulifute. Anasema zaidi ya hapo. Anasema anayedai hawezi kushona huku anashona ni mwizi, faili liende polisi. Ijumaa tunakaa na wakili wake. Mimi nataka jibu moja tu. Anashona au hashoni?"

"Ndiyo maana napenda madai ya vifo," alisema Futi.

"Una roho mbaya."

"Mtu akishakufa, hesabu ni rahisi kama ya kununua mkate. Unachukua mshahara wake, unatoa theluthi aliyokuwa anakula mwenyewe, kinachobaki unazidisha kwa miaka ambayo angewalisha watoto wake. Unaongeza mazishi. Basi. Marehemu hatoki nyuma ya pazia kukuletea gauni."

"Toka ofisini kwangu."

Akatoka. Njiani alinunua kitambaa cha kijivu cha suruali, kwa pesa yake.

Duka la Mama Pacha lilibanwa kati ya kinyozi na mrekebishaji wa simu, na mbele yake, ng'ambo ya barabara, alikaa muuza viatu vya mitumba ambaye bidhaa zake alizimwaga juu ya turubai. Futi alipita mara moja bila kusimama, akasikiliza. Cherehani ililia, ikanyamaza. Aliporudi akaingia na kukohoa mlangoni.

"Hodi, fundi."

Ndani kulinyamaza. Kulipita muda, magongo yakagonga sakafu, na Mama Pacha akatokea, akajishusha kwenye kiti nyuma ya kaunta. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, shingoni kavaa futi ya kitambaa kama mkufu, sindano tatu zimechomwa kifuani mwa blauzi.

"Karibu, mzee. Suruali?"

"Umejuaje?"

"Hiyo uliyovaa inalia yenyewe. Sogea hapa, mimi sisogei." Alimpima kiuno, akamgeuza kwa mkono kama anageuza boga sokoni. "Simama vizuri. Hivyo. Unasimama kama askari."

"Nina mgongo mbovu."

"Wenye mgongo mbovu huinama."

Futi aliona vyema abadili mada. Akaangalia pazia. Halikuwa na fito wala waya. Lilikuwa limepitishiwa mkanda mwembamba wa ngozi, mviringo kama kamba, uliofungwa misumari miwili juu ya mlango wa ndani. Mahali fulani katikati ncha mbili za mkanda huo zilikuwa zimeunganishwa kwa kibanio cha waya. Alikitazama kibanio hicho kwa sababu kilikuwa kinameta, basi, akaacha.

Pazia likasogea, akatoka mwanamume mkubwa, mabega kama kabati. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ni mume wangu," alisema Mama Pacha. Hakuinua uso.

Wakapeana mikono. Kiganja cha mume kilikuwa na sugu mpya chini ya vidole, ngumu kama kokwa, na kilimwachia Futi alama nyeusi ya oili.

"Fundi wa magari?" aliuliza Futi.

"Dereva. Nilikuwa."

"Na sasa?"

"Sasa napumzika."

Mama Pacha alikuwa ameanza kuchora kwa chaki juu ya kitambaa, haraka, bila kuinua mkono. Akachukua mkasi. Alikata vipande vyote vya suruali pale pale juu ya kaunta, na mkasi wake haukusita hata mara moja. Futi alimtazama mpaka mwisho.

"Nikae nisubiri ukishona?"

"Kukata nakata mbele ya mtu. Kushona, hapana. Njoo kesho saa nne."

"Kwa nini?"

"Mkono wangu unaona haya, mzee. Kesho saa nne."

Futi alivuka barabara. Muuza viatu alikuwa amemtazama tangu anaingia, na alikuwa na njaa ya mazungumzo.

"Umepata fundi, mzee wangu. Huyo mama ni dhahabu."

"Nasikia alipata ajali."

"Ajali? Lori lilimbandika ukutani kama tangazo! Miezi minne hospitali. Karibu miaka miwili sasa. Lakini aliporudi tu, wiki mbili, cherehani hiyooo, inalia." Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Mtu wa kumhurumia pale siyo miguu. Ni mume. Alifukuzwa kazi, basi anashinda humo ndani kama kuku anaatamia. Mke kavunjika, na bado ndiye anamlisha. Wanaume wengine, ndugu yangu, ni mzigo wenye ndevu."

"Labda yeye ndiye anayeshona."

Muuza viatu alicheka hadi akajifuta macho. "Yule? Vidole vile kama ndizi? Aah. Anashona Mama Pacha mwenyewe. Suruali hii niliyovaa alinishonea kabla ya ajali. Shati hili, mwezi jana. Mkono ni ule ule, angalia mwenyewe."

Futi akapiga goti barabarani na kushika pindo la suruali ya muuza viatu. Akaligeuza. Akafuata mshono mrefu wa pembeni kwa ukucha mpaka karibu na goti.

"Mzee."

"Tulia."

"Mzee, watu wanatuangalia."

Mshono ulikuwa umenyooka, nukta zake sawasawa tangu chini mpaka juu. Kwenye kona ya mfuko, fundi alikuwa ameshona mara mbili na kurudi kwa mshazari, alama ndogo kama herufi iliyolala. Futi akasimama, akamgeuza muuza viatu, akaangalia mfuko wa shati. Alama ndogo ilikuwapo, ya mshazari ule ule.

Kwa hiyo hakuna fundi wa kukodi aliyefichwa nyuma ya pazia, na mume hakujifunza kushona. Mkono ulikuwa wa Mama Pacha. Futi alinunua kamba za viatu ili asionekane mwendawazimu, akaenda zake. Jibu la Meneja lilikuwa limepatikana, na lilikuwa jibu la polisi.

Kesho yake saa nne alichukua suruali, akalipa, akaivaa nyuma ya mlango wa choo cha ofisi. Ilimkaa kama amezaliwa nayo. Akaivua tena. Akaigeuza ndani nje na kuitandaza juu ya meza ya Meneja, kwa sababu meza yake mwenyewe ilikuwa ndogo.

Meneja aliingia na kikombe chake cha chai. "Hicho ni nini?"

"Ushahidi."

"Ni suruali. Juu ya meza yangu. Umevaa nini chini ya hiyo meza?"

"Ile ya zamani. Njoo uone kitu."

Mshono mrefu wa pembeni ulianza vizuri, nukta zimeachana sawa. Kisha nukta tatu au nne zikabanana, karibu kupandana. Zikaachana tena, zikaenda urefu wa shubiri, zikabanana tena. Hivyo hivyo mguu mzima, na mguu wa pili vilevile. Futi aliweka futi ya chuma juu yake, akasogeza kidole kutoka mbano hadi mbano.

"Mshono wa zamani hauna hivi," alisema. "Nimeuona jana kwenye suruali ya muuza viatu. Ulikuwa umenyooka kama reli."

"Kachoka. Ana maumivu."

"Mtu akichoka huchoka mwishoni. Huyu anasimama kila shubiri, tangu mwanzo." Futi aliinama mpaka pua yake ikagusa kitambaa. "Hizi ni breki. Nimepima breki barabarani miaka ishirini. Gari likienda peke yake linateleza. Likisimama, linabana, likiondoka linabana tena. Aliyeshika usukani yuko hapa, mshono haujapinda hata nywele. Lakini aliyeshika mafuta na breki ni mwingine."

Meneja aliweka kikombe chini. "Mwingine nani?"

Futi alikuwa anatazama kiganja chake mwenyewe, pale oili ilipokuwa jana. "Wewe una cherehani nyumbani?"

"Ya marehemu mama."

"Ya pedeli? Inazungukaje?"

"Pedeli inazungusha gurudumu la chini, mkanda unapanda unazungusha la juu. Mkanda wa ngozi, mwembamba, mviringo, umeunganishwa kwa kibanio cha waya. Ukikatika hushoni mpaka ununue mwingine."

"Nimeuona wake."

"Sasa si ndiyo hivyo? Anashona."

"Nimeuona juu ya mlango. Umebeba pazia."

Meneja alikaa.

Futi akavuta simu ya mezani. Namba ya kampuni ya malori aliyofanyia kazi mume, siyo ile ya lori la ajali, ilikuwa kwenye faili. Bosi wa malori alipokea mwenyewe, nyuma yake kuna kelele za karakana. Futi alijitambulisha, akauliza dereva yule alifukuzwa kwa kosa gani.

"Alifukuzwa? Nani kasema?" Bosi alipiga kelele kuishinda karakana. "Aliacha! Nilimwomba, nikamwambia nakuongezea, akakataa. Dereva ambaye hajawahi kunigongea hata kioo!"

"Alisema kwa nini?"

"Alisema ana gari lingine nyumbani, halina wa kuliendesha. Nikadhani kanunua gari. Nikamwonea wivu."

"Ulikuwa unamlipa ngapi kwa mwezi?"

"Laki tatu. Mwambie akirudi leo, nampa leo."

Futi alishukuru, akaweka simu chini, akaikunja suruali.

Safari hii hakukohoa mlangoni. Aliingia kimya, akasimama mbele ya kaunta, akasikiliza kwa makini sauti ile ambayo kwenye video ilidhaniwa ni ya kuongea na simu.

"Twende," ilikuwa inasema sauti ya Mama Pacha. Cherehani ikalia. "Twende, twende. Taratibu. Kona hiyo. Simama! Nimesema simama, baba, huoni kola?"

"Nimesimama."

"Umesimama baadaye. Haya, twende."

"Fundi," aliita Futi.

Kila kitu kilizimika. Mama Pacha alipotoka alikuwa ameshajiandaa kutabasamu, lakini aliona futi ya chuma mkononi mwa mteja wake, na tabasamu likaishia njiani.

"Mimi natoka kampuni ya bima," alisema Futi. "Bima ya lile lori."

"Nilijua." Alijishusha kitini polepole. "Mtu anayetaka suruali hatazami pazia."

Mume alitoka kama lori lililokosa breki. "Umekuja kutupeleleza? Umepimwa kiuno na mke wangu, umechukua suruali aliyokushonea, kumbe unatupeleleza?"

"Ndiyo. Ndiyo kazi yangu. Fungua pazia, kaka."

"Sifungui."

"Kesho, Ijumaa, wakili wetu anataka faili liende polisi, kwamba mmedanganya. Ana video. Mimi ndiye mtu pekee wa kumzuia, na siwezi kumzuia kwa kutazama pazia."

Mwishowe Mama Pacha akasema, "Fungua, baba. Tumechoka wote."

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja na cherehani moja. Futi alipiga magoti kwanza, kama kawaida yake. Pedeli ilikuwa na utando wa buibui tangu mguu mmoja wa meza hadi mwingine, na katikati nzi mkavu. Akaupiga picha. Juu, kwenye gurudumu la mkono, mtu alikuwa amechomelea bolti ndefu iwe mpini, na mpini umevingirishwa kitambaa kilicholowa oili. Kando ya gurudumu, upande wa kulia, kulikuwa na benchi fupi la mbao. Katikati ya benchi mbao ilikuwa imeng'aa kwa kukaliwa.

"Shoneni," alisema Futi.

Wakakaa mahali pao, bega kwa bega, mtu na mkewe. Mama Pacha akaingiza kola chini ya sindano kwa mikono miwili. "Twende." Mume akazungusha. "Taratibu." Akazungusha taratibu. Mkono ule mkubwa ulikwenda na kusimama kwa neno la mke, na kila uliposimama, nukta zikabanana.

"Sasa wewe peke yako, fundi."

Alijaribu. Mkono wa kulia ukashika mpini, kitambaa akakiachia mkono wa kushoto. Mshono ulitoka kama njia ya mbuzi. Akauangalia kwa chuki, akaanza kuufumua kabla hajaambiwa.

"Sasa mimi," alisema Futi, akamwinua mume kwenye benchi.

"Wewe? Mzee, hiyo kazi..."

"Nataka kujua kama kibarua yeyote anaweza."

Alikaa. Mama Pacha akasema twende, naye akaenda. Akasema taratibu, naye alikuwa bado anaenda. Kitu kikapasuka tap, na nusu ya sindano ikaruka ikagonga dirisha.

"Hiyo utalipa," alisema Mama Pacha.

Kwa mara ya kwanza mume akacheka. "Wa kwanza alivunja nne kwa siku. Tuliajiri wawili. Yule wa pili alipojifunza vizuri akahama, kaenda kuwa fundi kwingine. Ni kama klachi, mzee. Unaisikia kwenye mkono."

Futi alirudi kwenye kiti cha wateja. "Sasa nielezeni. Mna haki ya kulipwa, na mmeificha nyuma ya pazia. Mmerogwa?"

"Wewe ungempelekea fundi kilema sare za watoto wako, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa?" aliuliza Mama Pacha. "Sema ukweli."

Futi aliigeuza futi yake mikononi.

"Basi. Wakijua tu, vitambaa vinakwenda kwa fundi mwingine. Pacha wangu wako bweni, wawili kwa mpigo. Ada haijui ajali."

"Na wewe? Umekubali mtaa mzima wakuite mvivu?"

Mume aliangalia viganja vyake. "Ningesema nini? Kwamba niliacha lori la magurudumu kumi nije kuzungusha hili moja? Mvivu watu wanamzoea, mzee. Wanaongea wiki, wanachoka."

"Yule muuza viatu hajachoka."

"Yule anaongea hata akilala."

"Wakili wenu mlimwambiaje?"

"Tulimwambia hawezi kushona," alisema mume. "Na ni kweli, hawezi. Tunaweza tukiwa wawili."

"Mkamwambia na kwamba wewe umeacha kazi?"

Wakatazamana. Mama Pacha ndiye aliyejibu. "Hakuuliza. Yeye aliuliza mapato ya duka tu. Na mimi nilikuwa na haya, nikasema duka linaendelea vizuri. Ndiyo kosa?"

"Ndilo hilo hilo," alisema Futi. "Mpigieni leo, mwambieni yote, mpaka sindano zilizovunjika. Leo, siyo kesho."

Alitoka. Muuza viatu alimwita kutoka ng'ambo, amepata jozi ya saizi yake. Futi akamwambia yule mume ni dereva bora kuliko wote aliowahi kuwakamata, akaendelea kutembea, akimwacha mdomo wazi.

Meneja alisoma taarifa nzima akiwa amesimama. Alipofika kwenye picha ya utando wa buibui aliisogeza karibu na macho, akacheka peke yake. Kisha akachukua karatasi ya juu ya faili, ile ya wakili iliyotaja polisi, akaipasua mara mbili.

"Hii Mungu katuepusha," alisema. "Tungepeleka mlemavu polisi, halafu wakili wake amuulize mumewe swali moja tu mbele ya hakimu. Tungelipa fidia, tungelipa gharama za kesi, na ningeacha kazi nikauze vitumbua." Akakaa. "Haya. Sasa tupatane mimi na wewe kabla sijapatana na wao. Mapato ya duka hayakupungua."

"Yamepatikana kwa watu wawili. Duka halikupoteza kitu, nyumba imepoteza mshahara mzima. Laki tatu kwa mwezi, hiyo ndiyo bei ya miguu yake."

"Msaada wa ndugu hata akitoa bure unathaminiwa, hilo nakubali, wala wakili hatabisha. Lakini kuzungusha gurudumu hakuhitaji dereva wa lori. Kibarua wa laki na nusu anatosha."

"Nilijaribu ukibarua huo. Nimevunja sindano."

"Wewe umevunja vitu vingi maishani."

"Walishaajiri wawili. Wa kwanza mharibifu, wa pili akajifunza akahama. Anayejua anataka bei ya anayejua."

"Laki mbili."

"Mbili na nusu. Na miezi iliyokwisha pita, laki tatu kamili, kwa sababu hizo alizipoteza kweli na bosi wake atasimama kusema."

Meneja aligonga kalamu mezani. "Ana miaka arobaini na moja. Fundi hushona mpaka sitini. Miaka kumi na tisa. Lakini anapokea zote kwa mkupuo, na maisha hayana dhamana, angeweza kuugua, angeweza kustaafu mapema. Mahakama ingetupa kumi na mbili."

"Kumi na mbili ni sawa."

"Nashukuru kwa ruhusa yako. Sasa toa hiyo suruali mezani."

Ijumaa mawakili walikaa, wakabishana kuhusu maumivu kuliko kuhusu kitu kingine chochote, maana maumivu hayana futi. Saa saba mchana waliweka sahihi. Futi hakuwa na sababu ya kwenda dukani, habari walishapewa na wakili wao. Akaenda.

Pazia lilikuwa halipo. Lilikuwa limekunjwa juu ya kaunta, na mkanda umetundikwa msumarini. Kutoka barabarani mtu aliona moja kwa moja mpaka kwenye cherehani, na kwenye benchi fupi, shingo imeinama, jasho linamtoka, alikaa muuza viatu.

"Taratibu," alisema Mama Pacha.

"Naenda taratibu!"

"Hiyo ni ya pili leo. Sindano haziokotwi."

Mume alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji, amevaa shati la kazi lenye jina la kampuni ya malori. "Alitaka kujaribu," alimwambia Futi. "Ili aache kunisema."

"Unarudi lini kwenye lori?"

"Tukishamfundisha msichana mmoja. Mwezi, miezi miwili. Bosi kasema atasubiri."

"Nenda, nenda," alisema Mama Pacha kutoka ndani. "Mwaka mzima umeninukia oili ya cherehani."

"Na huko barabarani nani ataniambia taratibu?"

"Nitakupigia simu."

Wakacheka wote watatu, na muuza viatu naye akacheka, na gurudumu likamponyoka.

Hesabu ilikuwa hivi. Matibabu, pamoja na miezi minne ambayo duka lilifungwa, milioni sita na laki moja. Maumivu na mateso, pamoja na kifundo ambacho hakitakunja na goti ambalo halitakunja vizuri, milioni kumi na nane. Magongo, viatu vya kutengenezewa na mazoezi ya viungo kwa miaka ya mbele, milioni mbili na nusu. Miezi kumi na minne ya mshahara wa dereva aliyeacha lori, milioni nne na laki mbili. Mtu wa kuzungusha gurudumu, laki mbili na nusu kwa mwezi, miaka kumi na mbili, milioni thelathini na sita. Jumla, milioni sitini na sita na laki nane.

Ambacho hakikuhesabiwa ni mwaka mmoja wa mwanamume kuitwa mzigo wenye ndevu, kwa sababu hakuna fungu lake.

Futi alilipa kitambaa cha suruali, ushonaji wa suruali, kamba za viatu ambazo hakuzihitaji, na sindano moja. Kampuni haikumrudishia hata senti.